Mahali Ambapo Hakuna Aliyenijua

Ipo Jumapili moja naikumbuka vizuri, mwanangu, ya wakati wa baridi, baada ya ibada. Tulikuwa tumesimama nyuma ya kanisa letu hapa Tottenham, akina mama wa Kenya, kila mmoja na kikombe chake cha chai, makoti hatujavua kwa sababu hita ilikuwa imeharibika tena. Mazungumzo yalikuwa ya safari. Ndivyo tulivyo sisi tuliostaafu; tukifungua mdomo ni habari za magoti au ni habari za safari. Huyu anakwenda Nakuru kumalizia nyumba, yule amealikwa Dubai na mwanawe. Ndipo Mama Njeri, rafiki yangu tangu tulipokuwa manesi vijana, akanigeukia.

"Na wewe Mama Wakesho? Unakwenda Taita mwezi gani?"

"Mwaka huu siendi nyumbani," nikasema. "Naenda Mongolia."

Mama Njeri akaweka kikombe chake chini. "Mongolia ya wapi?"

"Iko moja tu."

"Huko una nani?"

"Sina mtu."

"Sasa unaenda kumwona nani?"

Nilicheka, nikasema naenda kuona farasi, wao pia wakacheka, tukaachia hapo.

Lakini habari hutembea. Kabla sijafika kwangu, binti yangu Wakesho alikwisha kupigiwa simu, na jioni hiyo akaja kutoka Barking anakoishi, amefunga uso kama mvua inayotaka kunyesha. Wakesho alizaliwa hapahapa London. Kiswahili anakisikia chote, ila hujibu kwa Kiingereza, kwa hiyo maneno yake nitakupa kwa lugha yetu.

"Mama, una presha," alisema, hata hajaketi. "Una goti. Ukianguka huko nani atakuokota?"

"Watu wa huko."

"Huwajui!"

"Nilipokuja hapa nilikuwa namjua nani?"

Akavuta kiti akaketi. Kisha akasema kwa upole zaidi, na upole ule ndio ulioniuma, "Kama unataka kupumzika, si uende nyumbani?"

Ningemwambiaje, mwanangu? Nyumbani napapenda. Lakini nikishuka tu Wundanyi, kule kwetu Taita, asubuhi na mapema watu wako uani. Huyu mtoto wake anadaiwa karo, yule mgongo unamuuma na mimi ni nesi, wale wawili wamegombania mpaka wa shamba wanataka mtu wa kutoka nje awapatanishe. Wanakuja kwa mapenzi, na mimi nawapokea kwa mapenzi. Ila kulia, mtu hawezi kulia mbele ya foleni.

Na mimi nilikuwa na kilio changu cha zamani. Acha nikueleze kilikoanzia.

Baba yangu, Mzee Mwakio, alikuwa kibarua wa barabara. Tuliishi Werugha, juu kule milimani, mahali ambapo ukungu unaingia mpaka jikoni. Alikuwa na redio moja ya mbao, na jioni akishaoga na kula, alikuwa akizungusha ile swichi polepole, anaipita stesheni ya Kiswahili, anaipita ya Kiingereza, anaendelea mpaka anafika kwenye sauti za watu ambao hakuna hata mmoja wetu aliyejua wanasema nini. Hapo ndipo alipokuwa akitulia. Mara wimbo, mara mtu anasoma kitu kirefu, mara mshindo kama wa mvua juu ya bati, halafu sauti inarudi.

Nilikuwa msichana mwenye haraka. Siku moja nikamuuliza, "Baba, huyo anasema nini?"

"Sijui."

"Sasa mbona unamsikiliza?"

Hakukasirika. Alipunguza sauti kidogo, akaniangalia. "Mghoi," akasema, "mtu akija hapa mlangoni anaongea lugha usiyoijua, utamfungia?"

"Hapana."

"Basi kaa."

Nikakaa. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi aliyekuwa akipita kwetu alimwambia baba kwamba stesheni mojawapo aliyoipenda ilitoka Mongolia. Baba akamfuata mpaka darasani, akaonyeshwa ramani, akaweka kidole chake chenye lami juu ya mahali penyewe. Aliporudi alikuwa kama mtu aliyetoka kutembelea jamaa. "Natamani siku moja niwaone wakiongea," alituambia. "Nione midomo yao." Baba yangu hakuwahi kuvuka Mombasa.

Mimi nilivuka. Nilikuja London kusomea unesi, na nikiwa bado mwanafunzi, wakati wa baridi kama ule niliokutajia, nikaitwa kwenye simu ya ukumbini pale hosteli. Baba amefariki. Pasipoti yangu ilikuwa kwa watu wa uhamiaji inasubiri muhuri, na hakuna aliyeweza kuniambia itatoka lini. Wakamzika bila mimi. Jioni ile nilivaa sare, nikaenda wodini, nikageuza wagonjwa na kubadilisha mashuka, kwa sababu ndiyo kazi iliyokuwepo. Nilipopata nafasi ya kwenda nyumbani, nyasi zilikuwa zimekwisha kufunika kaburi. Waliolia walikuwa wamemaliza. Walinipokea kwa vigelegele na mbuzi wawili, binti wa Mwakio ametoka Ulaya! Ningeanzaje kulia katikati ya sherehe? Nikacheka nao. Halafu nikarudi London, nikaolewa, nikamzaa Wakesho, nikamzika mume wangu, nikafanya kazi mpaka nikastaafu. Na kile kilio kikawa kimekaa tu, kama mgeni aliyeambiwa asubiri kidogo.

Kwa hiyo nilikwenda.

Ulan Bator nilipokewa na Oyuna, mwanamke kijana anayejua Kiingereza, ambaye kazi yake ni kuwatembeza wageni kwa gari. Tulisafiri siku nzima, na barabara ilikwisha kabla ya safari. Ulikuwa mwezi wa tano lakini theluji ilikuwa bado kwenye mabonde. Hakuna mti. Hakuna ua. Nilizoea milima inayokuziba kila upande. Kule macho yalikwenda, yakakosa pa kushika.

Tulifikia kwa Dulmaa, mama wa rika langu, anayefuga kondoo pamoja na mumewe. Wanaishi kwenye hema la duara lililofunikwa sufi nzito, jiko la chuma katikati, linalochochewa kwa samadi kavu. Alinipa chai ya maziwa. Nikameza, ikawa na chumvi. Alikuwa ananitazama usoni, nami nikajitahidi.

"Anauliza una watoto wangapi," Oyuna akatafsiri.

"Mmoja."

"Na mifugo mingapi?"

"Sina hata mmoja."

Dulmaa akanishika mkono kwa huruma ya kweli. "Anasema pole sana," Oyuna akasema.

Sitakudanganya, mwanangu, siku za kwanza zilikuwa ngumu. Upepo hauna adabu kule. Choo kiko mbali, na goti langu lilijua kila hatua. Nyama ya kondoo asubuhi, nyama ya kondoo jioni. Oyuna akitoka, tunabaki mimi na Dulmaa, hakuna neno hata moja kati yetu. Yeye anafanya kazi, mimi nakaa. Nikijaribu kusaidia ninaharibu, ananiondoa taratibu kama mtoto. Sijawahi kukaa bila kazi mbele ya mtu anayefanya kazi tangu nizaliwe.

Siku moja nilitoka nje nikasimama nyuma ya hema, nikatamani nyumbani kwa nguvu. Nikajiuliza, nyumbani wapi? Haikunijia nyumba yangu ya Tottenham. Haikunijia hata Werugha ya sasa, yenye nyaya za umeme na vijana nisiowajua majina. Kilichonijia ni kile chumba kidogo, ukungu mlangoni, na baba ndani yake. Nyumbani hapo hapana tiketi ya kufika.

Kesho yake mchana kondoo mmoja alimkataa mwanawe. Alikuwa amezaa usiku, na kila kale katoto kakija kunyonya anakapiga kwato na kugeuka. Dulmaa akamfunga kamba fupi karibu na hema, akaketi chini kwenye baridi, akampakata mwanakondoo, akaanza kuimba. Neno lenyewe lilikuwa moja tu, fupi, analirudia na kulirudia, sauti inapanda kidogo, inashuka, kama mtu anayembembeleza aliyenuna. Oyuna akaniambia ndivyo wanavyofanya wanawake wa huko. Wanaimba mpaka moyo wa mama ulainike.

"Na huchukua muda gani?"

"Mpaka alainike," Oyuna akasema, akaenda kutazama gari lake.

Nikavuta kigoda nikakaa karibu. Dulmaa akanipa kazi ya kumshika kondoo shingo. Kondoo yule akaniangalia kama afisa wa uwanja wa ndege, halafu akanikojolea kiatu. Dulmaa akacheka bila kukatiza wimbo. Tukaendelea kukaa. Upepo unavuma, yeye anaimba, mimi sielewi kitu, na wala sikuwa natafuta kuelewa. Na katikati ya hapo, mwanangu, nikasikia uso wangu umelowa.

Nilidhani ni upepo. Kisha mabega yakaanza kutikisika, na sauti ikatoka, sauti ambayo sikuijua kama ni yangu. Nililia nikiwa nimemkumbatia kondoo wa watu. Nililia kama ningelilia pale kaburini, wakati udongo ungali mbichi.

Dulmaa hakusimama. Hakuniuliza nina nini. Aliniangalia mara moja, akasogea mpaka bega lake likagusa langu, akaendelea kuimba. Oyuna alikuja mbio, amefadhaika, Dulmaa akamwambia jambo.

"Anasema usiache," Oyuna akatafsiri. "Kondoo hulainika upesi mtu akilia."

Nikalia na kucheka kwa pamoja. Na nilipochoka kulia nikaimba na mimi, kwa Kidawida, lugha ya kwetu Taita, wimbo ambao baba alikuwa akiuimba akipanda mlima na sururu begani. Sikujua kama bado ninao. Dulmaa alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa kukubali, akarudia wake. Jua likiwa linashuka yule kondoo alinusa mwanawe, akatulia, kale katoto kakapiga magoti kakanyonya huku mkia unachezacheza. Ulikuwa wimbo wa Dulmaa uliofanya kazi, si wangu. Wangu ulikuwa na kazi nyingine.

Jioni nikamweleza, kupitia kwa Oyuna. Baba yangu, redio, simu ya hosteli. Dulmaa aliuliza swali moja tu. "Alikuwa anaitwa nani?"

"Mwakio."

Alilijaribu jina hilo mara kadhaa mpaka likakaa mdomoni mwake. Asubuhi niliyoondoka, alitoka na ndoo ya maziwa na kijiko cha mti, maana kwao msafiri akiondoka hurushiwa maziwa njiani ili afike salama. Akayarusha kwa ajili yangu. Kisha akageuka, akanitazama kuuliza baba yangu amelala upande gani, nikamwonyesha kusini na magharibi kwa kadiri nilivyokisia, naye akarusha tena, akisema kwa sauti, "Mwakio." Nilivua kofia yangu nikasimama wima. Mchungaji wangu wa kanisani akisikia atakuwa na maswali, nami nitamjibu. Mimi najua nilikuwa mazikoni.

Heathrow nilimkuta Wakesho amenikodia kiti cha magurudumu. Nikampita nikitembea kwa miguu yangu. Ndani ya gari hakuniuliza habari za goti. Aliniangalia kwenye kioo, akasema, "Umebadilika sura." Nikaanza kumsimulia, na nilipofika kwa baba alinikatiza. "Mama, sijawahi kukusikia ukimtaja Babu." Kweli, hajawahi. Tulikaa ndani ya gari hilo nje ya nyumba yangu, tumekwisha fika, injini imezimwa, mpaka vioo vikaota mvuke. Aliniuliza alikuwa mrefu kiasi gani. Aliniuliza alikuwa anachekaje.

Usidhani hamu iliisha. Ningali ninamtaka baba yangu, na kuna asubuhi naamka nikimtaka zaidi ya jana. Ila sasa namtaka nikiwa nimemzika.

Basi nisikilize, mwanangu, wewe unayehesabu miaka yako na kudhani safari ni za vijana. Siku yako ya kupumzika itakapofika, wanaokupenda watakuchagulia mahali karibu, panapofahamika, penye hospitali na jamaa. Wasikilize, maana wanasema kwa mapenzi. Kisha jichagulie mwenyewe. Safari nyingine zote fanya kwa ajili ya wanaokuhitaji, lakini moja, hata kama ni moja tu, iweke kwa ajili ya mahali ambapo hakuna anayekuhitaji wala kukujua jina. Usiende kule kuonyesha unachojua. Kaa, uwe mjinga wa watu, unywe chai yao ilivyo. Kama kuna kitu ulikiambia kisubiri, hapo kitapata nafasi. Na usingoje magoti yaanze kukuuma ndipo uwaulize wazazi wako wanamkumbuka nani. Waulize Jumapili hii.

Mungu akupe afya ya kufika mbali na watu wa kukupokea usiowajua. Akupe machozi yako kwa wakati wake, na yakichelewa, akupe mtu wa kukaa kando yako bila kuuliza, bega kwa bega, akiendelea na kazi yake mpaka umalize. Amina, mwanangu.