Jina Walilonipa Jalalani

Rafiki yangu, juzi mjukuu wangu alinipitisha kwenye mtaa wetu wa zamani, hapa hapa Buffalo, upande wa West Side, kwenye zile nyumba za mbao zinazolia upepo ukipita. Nilimwambia apunguze mwendo. Nyumba niliyokaa mimi iko vile vile, baraza imeinama kama mtu mwenye mgongo mbaya. Lakini ile ya jirani, ile ya mshairi, wameipaka rangi ya majivu, na nyuma, pale alipokuwa akirundika maganda na majani yake, wameotesha nyasi fupi kama kichwa kilichonyolewa. Nikasema, simamisha gari.

"Tate, si ulikuwa unamchukia yule mama?" akauliza. Tate ndivyo tunavyomwita nyanya kwetu Kongo, kando ya Ziwa Tanganyika.

Sikumpenda, ndiyo. Ukinisikia namsifu sana ujue uzee umenishinda. Mimi shule niliishia darasa la pili, lakini majina hayanitoki. Naweza kukutajia kila mtoto wa kijiji chetu, na mama yake, na mbuzi wao. Ila humu sitamtaja mtu. Jina moja tu nilimpa mtu wa vitabu, na lilinitia aibu katika miji miwili kabla sijaliwahi kwenye mji wa tatu.

Yule mwanamke alizaliwa Marekani, wazazi wake wakichuma vitunguu kwenye mashamba ya watu kule kusini, karibu na mpaka wa Meksiko. Aliandika mashairi, nusu Kiingereza, nusu Kihispania, na yote yalikuwa ya wanawake: mikono ya mama zake, wanaume wanaokula kwanza, mabinti wanaoambiwa wanyamaze. Miaka ile, ya elfu mbili kumi na tano, kumi na sita hivi, alitukusanya kila Jumamosi kwenye ukumbi wa chini wa kanisa letu, sisi Wakongo, Waburundi, na wanawake wa kwao. Wao walifuata maneno. Mimi nilifuata chai.

Siku ya kwanza nilimwita Mmeksiko. Akasema hapana, yeye ni Chikana, yaani mwanamke wa asili ya Meksiko aliyezaliwa Marekani. Masikio yangu yakasikia kukana. Nikamnong'oneza mwenzangu, "Huyu anajiita Mkanaji. Amekana nini?"

"Labda mume," akasema, tukachekea ndani ya vikombe.

Bon, akatuzungukia mmoja mmoja kutuuliza majina. Hakutaka lile la kwenye karatasi za ukimbizi, alitaka lile ulilokutana nalo duniani. Ilipofika zamu yangu nikasema, Jalala, kwa sababu alfajiri tate wangu alinilaza jalalani kwenye majivu, ndani ya kikapu. Mjukuu wangu, aliyekuwa bado msichana wa shule, akatafsiri. Mshairi akaweka mkono kifuani na macho yakamjaa. Nikageuka kutazama nani kafa. Na hapo ndipo aliponikosea, rafiki yangu, na sijamsamehe lote: alilia kabla ya kuuliza.

Hazikupita wiki nyingi, shemeji yangu wa Louisville akapiga simu. Mshairi alikuwa amesoma huko shairi la mtoto aitwaye Jalala, na shemeji akapelekwa kulisikiliza na mwalimu wake wa Kiingereza. "Mama," akaniambia kwa ile sauti ya kupeleka rambirambi, "kumbe wazee wako walikutupa jalalani? Mbona hukutuambia?" Baadaye ikawa zamu ya mwanangu wa Columbus, yule anayetunza wazee kwenye mtaa wa Clintonville. Yeye alikuwa amekaa nyuma ya ukumbi. Alisikia shairi la msichana aliyetupwa kwa sababu ni msichana, na nyanya mwenye moyo wa jiwe aliyembeba kwenda kumtupa. Wazungu walilia, na mwanangu akatoka nje kwa haya. Na shairi lilikuwa linakuja Buffalo, kwenye ukumbi wetu wenyewe, mbele ya watu wanaojua nyumba yetu. Tate wangu hakuwa na mwingine wa kumsemea duniani. Nilibaki mimi.

Sasa wewe ngoja nikueleze, maana najua wewe ungeuliza.

Kabla yangu mama alizika watoto watatu. Kila aliyepewa jina zuri, hakumaliza masika. Nilipozaliwa mimi, tate akasema yatosha. Alfajiri akaniweka ndani ya kikapu kilichotoboka, akanipeleka nyuma ya nyumba, akanilaza juu ya jalala, kwenye majivu yaliyokuwa bado na vuguvugu la moto wa jana. Jirani yetu, mwanamke aliyekwisha kuambiwa, akapita kama mpita njia. Akaokota kikapu, akaja mlangoni: "Nimeokota kitu kwenye takataka zenu. Kuna anayenunua?" Tate akamlipa chumvi, donge la kujaa kiganja, na chumvi kwetu wakati ule haikuwa mchezo. Donc, kwa hiyo, sikuzaliwa kwetu, nilinunuliwa. Mwizi haibi jalalani, tate alikuwa akisema, na mwizi huyo aliyewabeba ndugu zangu watatu sote tulimjua.

Mpaka nilipokuwa mkubwa yule jirani aliniita bidhaa yangu. Nikipita na mtungi anadai nimpunguzie maji, akisema bado hajafaidi biashara ile. Tate naye mchana alinitukana kwa sauti ya kusikika mpaka ng'ambo ya mto. Jalala, fagia. Jalala, menya mihogo. Jalala, una sura ya sufuria iliyoungua. Wageni walimwona mbaya. Lakini jua likizama, moshi wa kuni ukitulia na sombe, majani ya mihogo, ikichemka polepole na mawese yake, alinivuta katikati ya magoti, akanichagulia ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, walio wanene, akanitolea miba kwa kucha zake, kimya, bila kuniita jina lolote.

Na jalala lenyewe, laiti ungeliona. Kulifagilia ilikuwa kazi yangu: maganda, majivu, mifupa ya samaki, majani makavu ya migomba. Harufu yake asubuhi baada ya mvua bado ninayo puani, harufu ya kitu kinachooza na kitu kinachoota. Hatukuwahi kupanda boga kijijini. Maboga yalijiotea pale, pamoja na nyanya ndogo chungu na papai, na yakawa makubwa kuliko chochote cha shambani. Nilikua nikijua kwamba nina jina la mahali penye chakula.

Bon. Nikavaa koti, nikamchukua mjukuu, nikaenda kwa mshairi kwa mlango wa nyuma. Alikuwa anasaga pilipili kwenye kinu cha jiwe, na juu ya bamba la chuma zinaiva zile chapati zao za mahindi. Akanivutia kiti, akanisogezea sahani, akaniita nyanya kwa Kihispania.

"Mimi si nyanya yako," nikasema. "Na sitii kitu cha nyumba hii mdomoni mpaka umtoe tate wangu kwenye shairi lako."

Mjukuu alitafsiri akiangalia sakafu. Mshairi hakuacha kusaga. Akasema shairi haliombi ruhusa. Akasema kwao pia nyanya ndio waliofundisha mabinti kuinama.

Nikamsimulia yote, kikapu, majivu, chumvi. Akasikiliza, sikatai. Kisha akainua uso. "Na angezaliwa mvulana, mngemwita Jalala?"

"Mvulana alinifuata," nikasema. "Aliitwa Mavi ya Mbuzi."

Mjukuu wangu alishindwa kutafsiri. Alicheka mpaka akashika meza, na alipofanikiwa kulisema, mkono wa mshairi ulisimama kinuni. Nikaona nimeshinda. Lakini yule mwanamke hakuwa mtu wa kushindwa haraka.

"Na kati ya Jalala na Mavi ya Mbuzi," akauliza taratibu, "nani alisoma mpaka mwisho?"

Pilipili ilinichoma pua. "Mavi ya Mbuzi," nikasema.

Hakucheka, wala hakulia. Akanieleza habari ya neno lake. Kwamba Chikana hawakulichagua dukani, walitupiwa. Walimu waliwatupia, hata ndugu zao wenye nafasi waliwatupia, na mama yake alimwosha mdomo kwa sabuni siku alipolisema. Wakaliokota, wakalivaa. Akasema, "Kwa hiyo mimi na wewe tumetoka jalala moja."

"Hapana," nikasema. "Wewe uliokota kilichotupwa na adui. Mimi niliwekwa na mtu aliyenipenda. Usitupike sufuria moja."

Nikaondoka. Chapati sikuigusa, ijapokuwa njaa ilikuwepo na ilinukia kama mahindi ya kuchoma ya kwetu.

Siku ya Buffalo nilikaa mbele, mkoba magotini, tayari kusimama. Alianza kama alivyoanza kule kwingine: kikapu, alfajiri, majivu. Mjukuu akininong'oneza. Halafu shairi likapinda. Akaja mwanamke mpita njia. Nyanya akamnunua mtoto, kwa asali.

"Chumvi," nikasema.

Sikukusudia iwe kwa sauti, lakini sauti yangu ni ya mtu aliyeitana ng'ambo ya mto. Vichwa vikageuka. Mshairi alinitazama juu ya miwani yake kwa muda, nikadhani atanifukuza. Akasema, kwa Kiswahili kibovu, "Chumvi," akaendelea. Mwishoni alimtia mdogo wangu pia, mvulana aliyetajwa kwa mavi ya mbuzi akapelekwa shule. Watu wakacheka, na katikati ya kicheko wakaelewa. Hilo sikumwambia aliandike. Lilinikera njia nzima ya kurudi nyumbani, kwa sababu lilikuwa kweli.

Hatukuwa marafiki baada ya hapo. Alinilalamikia sana kuhusu maganda yangu niliyomtupia upande wake, nami nikasema boga lililoota pale ni langu kwa mbegu. Tukagombana vuli nzima juu ya boga moja. Lakini kila asubuhi alifungua dirisha la jikoni na kupiga kelele, "Jalala, amka, bado hujafa?" Nami nikajibu, "Mkanaji, nyamaza." Kisha akaugua, akarudi kwao mpakani, na mwizi akamkuta huko.

Sasa wajukuu wangu wana majina ya kung'aa, majina ambayo mwizi anayaona toka mbali. Takataka zetu zinachukuliwa na gari kila wiki, hakuna kinachopata nafasi ya kuota. Yule jirani aliyeniokota amekufa, mdogo wangu amekufa, hakuna aliyebaki wa kunitukana ipasavyo. Nyumbani mimi ni Tate. Kanisani ni Mama wa fulani. Hospitali wananiita kwa jina la ubatizo, zuri, limepigwa chapa, limefungwa kwenye mkono wangu.

Nikamwambia mjukuu, pale kando ya uzio, "Niite jina langu."

Akajua ninalotaka. "Tate, siwezi kukuita hivyo. Si adabu."

Basi nikashusha kioo cha gari, nikajiita mwenyewe, kwa sauti ya ng'ambo ya mto. Pazia la jikoni kwa mshairi likafunguka, mtu nisiyemjua akachungulia, akalifunga tena.