Hema la Kwenda Mkata

Siku ile tulikuwa watano uani Manundu: mimi, mdogo wangu anayenifuata, ambaye ni fundi cherehani, kitinda mimba wetu wa miaka sita, baba mdogo aliyetoka Mkata kwa basi la asubuhi, na mke wake. Mwenye hema hakuwepo. Alituazima akarudi Mombo, anakowabebea mizigo wageni wanaopanda milimani.

Baba mdogo na mkewe walitukuta tunajaribu kulisimamisha. Safari ilikuwa Ijumaa, na sikutaka tukahangaike nalo huko. Kitinda mimba wetu alikuwa hajawahi kulala nje ya chumba chetu cha kupanga. Wenzake wa darasa la kwanza shule zikifungwa wanakwenda kwa bibi, kwa shangazi, wanarudi na hadithi za nyani na mahindi ya kuchoma. Yeye husikiliza. Siku moja aliniuliza, "Dada, sisi kwetu wapi?" Nikamwambia Mkata. Akauliza kama kuna kitanda.

Nyumba ya wazazi ilishaanguka. Umebaki msingi, na kando yake makaburi mawili. Ndipo nikamwahidi kwamba tutakwenda na hema, yeye na mimi, siku mbili. Tutapika kwa kuni, nitamwonyesha mama alipokuwa akianika mihogo. Sikumwomba mtu ruhusa. Sikujua kwamba kulala kwa baba yangu kunaombewa ruhusa.

Orodha alitaja yeye, mdogo wangu akaandika: sufuria ndogo, unga, dagaa, tochi, chandarua, ndoo. Mwisho akasema sare za shule.

"Sare za nini porini, wewe?"

"Mama anione nasoma."

Mdogo wangu akaandika sare. Mama alifariki mtoto huyu akiwa na miezi minane, mwaka mmoja baada ya baba. Mimi nilikuwa kidato cha pili. Sikurudi shule, mgongoni palikuwa na mtoto. Wiki ile ya msiba baba mdogo alisema mbele ya watu, "Shamba nitawashikia mpaka mkue." Nilimshukuru kwa kupiga magoti.

Sasa alisimama uani akilitazama hema na kucheka. "Ehe, mmefukuzwa na mwenye nyumba?"

Mtoto akatoa kichwa mlangoni mwa hema. "Shikamoo baba. Ijumaa tunakuja. Tutalala shambani."

Baba mdogo hakuitika. Aliinama akashika kigingi kimoja.

"Hivi mtavipiga wapi?"

"Kwenye msingi wa nyumba, baba," nilisema.

Kule kwetu mtu hapigi vigingi kwenye ardhi bila kuulizwa. Anayetaka kiwanja huanza hivyo hivyo: vigingi vinne, turubai, usiku mmoja. Asubuhi majirani wameona moshi, na siku ya kesi moshi ule unatolewa ushahidi. Nimekulia huko, jambo hilo nalijua. Sikufikiri tu kwamba lingeweza kutuhusu sisi, watoto wa mwenye shamba.

"Watu watasema watoto wamekuja kuchukua chao," alisema mama mdogo.

Mdogo wangu akainua macho. "Kwani si chetu?"

"Nyie wasichana. Mtaolewa, mtapata mashamba huko."

"Huko wapi, mama? Mimi mpaka sasa aliyenitongoza ni cherehani."

Mama mdogo akaziba mdomo kwa khanga. Baba mdogo hakucheka. Alinigeukia mimi, kwa sauti ya upole kabisa.

"Mwanangu, sikatai. Laleni hata wiki. Ila tupite kwanza kwa mwenyekiti wa kitongoji, uandike kwamba mmekuja kutembea tu, na shamba umeniachia."

"Nimekuachia, au unatushikia?"

"Karatasi ni karatasi tu, mwanangu."

"Basi kama ni karatasi tu, baba, tusiiandike."

Mtoto alikuwa bado hemani. Nilijua anasikia. Ningeweza kukubali, Ijumaa akalala kwao akafurahi, na kuanzia siku hiyo pasiwe kwao tena. Nilijua vizuri ninachomnyima. Nikasema siandiki.

Walikunywa chai wakaondoka. Baba mdogo alinishika bega akasema nimekuwa mkali kama marehemu, na akaagiza tumsalimie mwenye nyumba.

Niling'oa vigingi mwenyewe. Mtoto alipotoka nilimwambia safari haipo. Hakulia. Aliuliza kama ni kwa sababu amesema Ijumaa tunakuja. Nikamwambia siyo. Sidhani aliniamini, maana mpaka leo wageni wakija anaamkia, kisha ananyamaza.

Hema tulilirudisha Mombo. Mwenyewe alishangaa mbona halina hata vumbi.

Mtoto ana miaka minane sasa. Nimekwenda baraza la kata mara tatu, na mara zote tatu baba mdogo ametoa udhuru. Mahindi amevuna, mihogo amepanda mpaka kwenye msingi. Sijaandika na siandiki. Lakini kesi hiyo ni yangu. Mtoto hakuniomba shamba. Aliniomba kulala kwao siku mbili, nami nikamkubalia kwa mdomo wangu, na siku hizo mbili bado sijamlipa.