Mkalimani Aliyecheza Korongo Juani

Harufu ya kitunguu saumu kinachoanza kuungua kwenye mafuta ya moto hainiachi nilipo. Mwaka ule wa korona tulipofungiwa ndani hapa Merrylands, Sydney, harufu hiyo iliruka uzio kila asubuhi kutoka jikoni kwa jirani yangu Bi Mei, mama wa Kichina wa rika langu, ikaingia dirishani kwangu bila kubisha hodi. Mtaa ulikuwa kimya kama msiba. Ulisikia helikopta ya polisi ikizunguka, na wale kasuku weupe wa hapa wakigombana juu ya paa, basi. Binti yangu, anayehudumia wazee, akirudi kutoka kazini alivua nguo gereji akaenda moja kwa moja kuoga kabla hajamgusa mtu. Mjukuu wangu Neema alisoma kwa kompyuta kwenye meza ya chakula. Nami nilikaa dirishani na barakoa kidevuni, nikinusa. Shule mimi niliishia darasa la nne, lakini pua yangu haikuacha shule. Ikinusa kitunguu saumu hunirudisha mbali, kwetu Mlimba, majira yale reli ya kwenda Zambia ilipokuwa ikijengwa, nami ni mtoto wa miguu mikavu na ndoo kichwani.

Kambi ya Wachina ilikuwa ng'ambo ya kijito. Ilinuka saruji mbichi, dizeli na hicho kitunguu saumu. Baba yangu alikuwa kibarua wa zege, akirudi jioni kijivu kama mzimu hadi mama anamwagia maji ndipo anamtambua. Alfajiri kipaza sauti kiliimba kambini na Wachina wote wakatoka, wakapanga mistari kama watoto wa shule, mikono juu, mikono chini, ruka, pumua. Sisi tuliyazoea mazoezi yale. Watoto tuliwaiga, wao wakacheka, tukacheka. Hakuna aliyeona ubaya. Ubaya ulionekana kwa yule aliyecheza peke yake.

Mimi ndiye niliyetangulia kumwona. Nilikuwa nimetumwa maji mapema, masika yameisha, ukungu umelala juu ya kijito kama maziwa. Nyuma ya lundo la mataruma ya zege, yale yanayolazwa chini ya reli, nikaona mtu anasogea. Hakuna ngoma, hakuna wimbo, hakuna wa kumtazama. Aliinua goti polepole hadi kifuani, akafungua mikono kama mbawa, akabaki hivyo kwa mguu mmoja mpaka nikadhani amesahau kushuka. Halafu ghafla, paa! Mguu ulikata ukungu, nguo yake ikalia kama bendera kwenye upepo, na kabla macho yangu hayajamfuata alikwisha kugeuka, yuko chini, kiganja mbele, kimya tena. Ndoo ikaniponyoka. Yeye akageuka, akaniona, akasimama wima na kusema kwa heshima zote, "Shikamoo."

Nikajibu, "Marahaba." Ningefanyaje? Alikuwa Bwana Chen, mkalimani wa kambi, yule ambaye kidole kimoja cha mkono wa kushoto kilikuwa kimepondwa na chuma. Kiswahili alikisomea kwao, kikatoka kimenyooka kama nguo iliyopigwa pasi, ila mpangilio wa shikamoo ulimshinda: aliwaamkia watoto wote, nasi tulipita makusudi mbele yake kuitikia marahaba kama wazee.

Asubuhi hiyo alinikanya nisimwambie mtu, nami nikamwambia nifundishe basi. Hivyo ndivyo nilivyokuwa na ujeuri. Akanifundisha korongo, yule ndege wa miguu mirefu: mguu mmoja juu, mikono mbawa, vidole vimekusanywa kuwa mdomo. Asubuhi baada ya asubuhi nilisimama kwa mguu mmoja hadi paja likatetemeka kama uji jikoni, naye huku akisimulia. Alisema watu wa kwao husimulia kwamba zamani za kale mtawa mmoja alitoka India, akawakuta watawa wa hekalu la mlimani liitwalo Shaolin wamekaa kuomba mpaka viungo vimelegea kama mlenda, akawafundisha kujinyoosha, na huko ndiko ngumi zilikotoka. "Ni hadithi," akasema. "Mimi sikuwepo." Yeye aliona zilianza kwa watu wa kawaida: wakulima wenye mavuno ya kulinda, askari, wasindikizaji wa misafara. Mtu akaogopa, akamtazama mnyama anavyojiokoa, akaiga. Ndiyo maana kuna ngumi ya chui milia inayorarua, ya nyoka inayodonoa, ya korongo inayokwepa, na hata ya vunjajungu, yule mdudu wa mikono iliyokunjwa. Nilicheka hadi nikakaa chini, maana kwetu vunjajungu akiingia ndani tunajua mgeni anakuja, hatukujua anaweza kumpiga mtu. Akasema kaskazini kwao ni uwanda mpana, basi watu hurusha miguu mbali. Kusini ni mito na mitumbwi na vichochoro, ukirusha teke utajikuta majini, basi wao huotesha miguu kama mizizi na kupiga kwa mikono mifupi. Na ipo ngumi laini, ya polepole kama maji, ambayo wazee huicheza hadi kufa. Nilimsikiliza mdomo wazi. Sikuwahi kufikiri kwamba nchi, ardhi yenyewe, inaweza kumfundisha mtu namna ya kupigana.

Nilimuuliza kwa nini hachezi na wenzake. Akatazama kambini kwanza. "Wakubwa wangu wanasema mambo ya kale ni takataka," akasema. "Babu yangu alinipa mimi. Nikiacha, yatakufa."

Majira yale surua iliingia kijijini. Nyumba baada ya nyumba watoto walilala na macho mekundu, na mtoto wa jirani yetu akafa. Watu wakaanza kutafuta wa kulaumu, maana homa haina uso na mwanadamu anataka uso. Ndipo mama mmoja aliyekwenda kuni mapema akamwona Bwana Chen kwenye ukungu. Kwetu mtu anayecheza alfajiri peke yake bila ngoma ana jina moja tu: mwanga. Usilolijua ni usiku wa giza. Kufika jioni habari ilikuwa imeota miguu: Mchina anawanga, Mchina anawala watoto wetu. Na aliyeshikia bango mbele ya wote alikuwa bibi yangu mzaa baba, mwanamke mfupi mwenye sauti ya ng'ombe. Nikasikia wanaume wakikubaliana: kesho alfajiri, na marungu.

Baba alikaa kichwa mikononi. Akasema, "Mama, mkimgusa mtu yule kazi imekwisha, na mimi nitafungwa nanyi."

"Bora ufungwe una watoto," bibi akamjibu, "kuliko uwe huru huna."

Nikasema, "Bibi, si mwanga. Anacheza korongo."

Bibi akanivuta sikio hadi nikasimama kwa vidole. "Wewe umejuaje?"

"Amenifundisha."

Mama yangu akapiga yowe. Mtoto aliyefundishwa na mwanga ni mwanga naye, mnajua. Nililala katikati ya bibi na ukuta, nimeshikwa mkono kama mbuzi wa sadaka, na kulipopambazuka bibi hakuniachia. Tukaenda wote, yeye, mimi na wanaume.

Bwana Chen alikuwa juu ya mguu mmoja alipotuona. Akashusha mguu. Akaona marungu, akaniona mimi, akaelewa yote, uso ukamwisha rangi. Wala hakukimbia. "Shikamoo, mama," akamwambia bibi, na safari hii ilimfaa anayeipokea.

Bibi hakuitikia. "Mgeni," akasema, "mjukuu wangu anasema huu ni mchezo. Sawa. Mchezo huchezwa watu wakiona. Mwanga haogopi giza, anaogopa jua. Kama hii ni heri, leo saa nne njoo uwanjani pale sokoni, ucheze mbele ya macho ya kila mzazi. Usipokuja tutajua."

Kijana mmoja akanung'unika, "Bibi, tumpige tu tumalize."

"Piga mkeo kama una nguvu," bibi akamwambia. Kisha akakumbuka na kuongeza, "Na mkeo atakurudishia." Watu wakacheka kwa hofu.

Mimi peke yangu ndiye niliyejua anachoombwa. Akija uwanjani, wakubwa wake watamwona na takataka yake. Asipokuja, siku atakayokutwa njiani atauawa. Akatazama kambini, kipaza sauti kikianza kuimba. Akasema, "Nitakuja."

Saa nne jua lilikuwa limekwisha kupanda. Uwanja ulijaa, akina mama na wagonjwa wao mgongoni, vibarua wa zege, na pembeni, wamesimama pamoja, Wachina wa kambini na mkubwa wao, mikono nyuma. Bwana Chen alivua kofia. Akapiga ngumi kiganjani, akainama mbele ya bibi, akaanza. Nawaambia, nimeona harusi, nimeona magwaride, nimeona mji huu wa Sydney ukirusha fataki za mwaka mpya. Sijaona kitu kama kile. Chui milia alitoka kwenye shati la mkalimani. Kucha zake zilichana hewa, tukasikia hewa ikichanika. Akalala nyoka, akainuka vunjajungu, mikono imekunjwa, kichwa upande, na watoto wagonjwa wakacheka. Akaruka, miguu yote miwili juu, kofi la kiganja kwenye kiatu likalia angani, akatua bila kishindo, vumbi halikuinuka. Mwishowe akasimama korongo. Mguu mmoja, mbawa wazi, jasho likidondoka kidevuni, na kila mtu akishika pumzi kana kwamba tukipumua ataanguka. Kivuli chake kilisimama naye vumbini. Wanawake walianza vigelegele kabla hajashusha mguu.

Bibi alimwendea. Nilidhani atamtemea mate. Akamshika bega, akalibonyeza kama mtu anayenunua jogoo, akageukia watu. "Ni mtu," akasema. "Rudini nyumbani mkawape watoto maji." Hiyo ndiyo ilikuwa hukumu. Surua ikaenda zake kwa wakati wake, kama magonjwa yaendavyo.

Wachina hawakupiga makofi. Mkubwa wao aliondoka kabla ya mwisho. Siku chache baadaye nilikwenda nyuma ya mataruma, nikakuta ukungu tu. Mkalimani mpya alikuwa kijana mnene aliyejua shikamoo ni ya nani. Nilipomuuliza Bwana Chen yuko wapi, akasema, "Amehamishwa." Wapi, kwa nini, sikujua, na mpaka leo sijui. Bibi aliposikia akasema, "Tulimtoa kwenye moto wetu tukamtia kwenye moto wao."

Sasa pima mwenyewe. Mwaka ule wa korona Bi Mei alikwenda bustani ya mtaa kujinyoosha, kama tulivyoruhusiwa, na mtu ndani ya gari akamzomea arudi kwao na ugonjwa wake. Hakumjua jina wala hakusubiri jibu, aliondoa gari. Tangu hapo Bi Mei akawa anacheza ngumi yake laini pembeni mwa nyumba, kwenye kichochoro cha mapipa ya taka. Nilipogundua nilishikwa na hasira. Bibi yangu alikuwa na hofu kama ya yule wa garini, tena kubwa zaidi, maana watoto walikuwa wakifa. Lakini hofu yake ilikuwa na adabu. Ilikwenda kwa miguu, ikasalimiwa, ikauliza, ikakaa juani kutazama. Nikavaa barakoa, nikamwita Neema anitafsirie, nikagonga uzio.

Kwenda bustanini tulikwenda watatu, tumeachana kama sheria ilivyotaka. Neema amezaliwa hapa. Kiswahili anakisikia, hukizungumza akibanwa tu, lakini korongo nilishamfundisha sebuleni, na nasema bila haya, hakuna mtoto Merrylands anayesimama kwa mguu mmoja kama mjukuu wangu. Watu wengine walibadili njia. Wavulana wa baiskeli walisimama kutazama. Bi Mei akacheza laini yake, sisi tukacheza korongo letu, saa nne asubuhi, jua la baridi usoni.

Tulipomaliza, Bi Mei akanijia kwa umbali, akanyoosha mkono wake, akazungumza na Neema kwa Kiingereza. Neema akasema, "Bibi, anasema mdomo wa korongo una kosa. Vidole vyote vikutane. Chako kimoja kinabaki nje."

Nikatazama mkono wangu wa kushoto. Kidole cha pete kimesimama peke yake, kando ya wenzake. Miaka yote hiyo sikuwahi kukiona. Ndipo nikamwona Bwana Chen nyuma ya mataruma, ananionyesha mdomo wa korongo kwa mkono wake wa kushoto, na kile kidole chake kilichowahi kupondwa na chuma, kisichokunjika. Mimi mtoto, ningejuaje? Niliiga nilichoonyeshwa. Babu yake alimpa korongo kamili, yeye akanipa la kwake.

Neema akainua mkono wake naye. Kidole kilekile, kimesimama.

"Bibi, nikunje?"

"Usikunje," nikamwambia.