Tulienda sendoff moja Butiama, mwenzangu akamwona bibi ambaye mimi sikumwona

Wakuu, habari za humu. Hii ni kwa mnaojifunza kuandika hadithi kama mimi. Sio chai, imenitokea mwaka huu na mpaka sasa bado naifikiria.

Mimi nauza spea za pikipiki hapa Musoma. Jioni nikishafunga duka naandikaga hadithi. Nina rafiki yangu Editha, mwalimu wa shule ya msingi kule Bunda, naye anaandika. Tunatumianaga kazi zetu WhatsApp na kukosoana bila huruma.

Jirani yangu wa dukani, Mama Neema, alitualika kwenye sendoff ya binti yake, sherehe ya kumuaga kabla ya ndoa, kwao Butiama. Tukiwa njiani Editha akaleta wazo: kila mtu aandike kuhusu sherehe hii, ila tusiongeze kitu. Tuandike tulichokiona tu.

Nikakubali.

Yangu ilijaa mapambo, MC, keki, na jua linazama nyuma ya mawe. Nilijiona nimeelezea mazingira mpaka basi.

Ya Editha ilikuwa fupi. Ilimhusu bibi yake bi harusi, aliyekataa kuketi sherehe nzima. Amesimama tu nyuma anamwangalia mjukuu wake.

Nikashangaa. Hakukuwa na bibi yeyote aliyesimama pale. Nikampigia.

"Editha, huyo bibi umemtoa wapi?"

"Nimemtunga."

"Si tulikubaliana?"

"Kulikuwa na kiti mbele kabisa, kimevalishwa kitambaa, hakuna aliyekikalia mpaka mwisho. Nikajiuliza ni cha nani. Ikanishinda kuacha."

Wakuu, kile kiti nilikiona. Niliweka koti langu pale.

Bado nikamwambia amevunja sharti. Tukakwaruzana, simu zikakatika kabisa. Nikaanza kuwaza hata kuachana na uandishi, maana tumekaa sehemu moja, yeye kaona hadithi, mimi nimeona pa kuweka koti.

Ila swali la kiti likawa haliniachi. Asubuhi moja nikamuuliza Mama Neema.

"Cha mama yangu," akasema. "Yuko Mugango. Ndiye aliyemlea Neema. Tulituma gari likamchukue, dereva akasema hayupo nyumbani." Kisha akaongeza, "Jumapili nampelekea sukari. Twende ukamsalimie."

Tulimkuta bibi anaanika dagaa. Nikampa shikamoo, tukakaribishwa, stori zikaenda. Mwishowe nikamuuliza siku ya sherehe alikuwa wapi.

Akamwangalia binti yake kwanza.

"Nilikuwa kwenye mihogo. Niliposikia gari nikajificha mpaka likaondoka. Na nilikuwa nimeshavaa."

"Mama, kwa nini?" Mama Neema akauliza.

"Ningefika ningesema asiende. Mbele za wageni."

Mama Neema akainuka, akaanza kumsaidia kugeuza dagaa.

Wakati wa kuaga nikamwomba bibi ruhusa ya kuandika. Akasema niandike, ila nisiweke jina lake. Ndiyo maana majina yote humu nimeyabadilisha.

Nilipofika Musoma nikampigia Editha, mara ya kwanza tangu tukwaruzane. Nikamsimulia yote.

Kisha akauliza, "Alikuwa amevaa nini huko kwenye mihogo?"

Sikujua. Sikuuliza.

Nilikuwaga nadhani shida yangu ni maneno, nikawa nakusanya misamiati. Kumbe nilikuwa naangalia vitu bila kujiuliza ni vya nani na vimefikaje pale. Sasa hivi hadithi zangu zinaenda polepole zaidi, lakini Editha anazimaliza kusoma, kitu ambacho zamani alikuwa hafanyi.

Nyie mnaoandika, nawauliza: mnajuaje jambo la kwenda kuulizia na la kutunga mwenyewe? Maana Editha anashikilia kwamba bibi yake wa kusimama ni mzuri kuliko wa kwenye mihogo, na mimi sijapata hoja ya kumshinda. Karibuni.