Mti wa Mlangoni kwa Aluoch

Kwa Aluoch huingii kama watu wanavyoingia nyumbani. Unageuka ubavu, unavuta tumbo ndani, unashika sketi isinaswe na miiba, ndipo unajipenyeza. Mti umeziba nusu ya mlango. Mimi ni Nasambu, jirani yake wa ukuta mmoja hapa Lindi, mtaani Kibera, na mti huo umenipasulia blauzi zaidi ya moja. Kila nikilalamika ananiambia, "Mama Bridgit, punguza mandazi." Na mandazi yenyewe nayauza mimi.

Mti umo ndani ya pipa la plastiki la samawati lililokaa kizingitini. Aliupanda mumewe, marehemu Osewe, ambaye alikuwa akitunza bustani ya mzee mmoja aliyependa ndimu kuliko wajukuu wake. Mzee yule alikuwa nazo za kila namna, na mojawapo ilikuwa ndimu tamu, isiyo na ukali hata chembe. Osewe alikuwa na vidonda vya tumbo. Ndimu ya kawaida ikimgusa alilala amejikunja mpaka kesho yake, naye ni mtu wa ziwani, samaki bila ndimu kwake si samaki. Siku alipoikamua ile tamu juu ya samaki na tumbo likanyamaza, alimwomba mzee kijiti kimoja, akaja nacho nyumbani amekifunga kwa gazeti bichi.

Ndimu ya aina hiyo huzaa upesi ukiipachika juu ya mti mwingine. Osewe alikuwa na mche wa limau la kienyeji, lile lenye ganda la vinundu na mbegu tele, ambalo wapandaji hulitumia kwa mizizi yake tu. Akauchanja, akapachika kijiti, akafunga kwa nailoni. Aluoch alifurahi, akatangazia wapangaji wa ploti nzima kwamba watakula samaki kama watu. Osewe akamwambia, "Usiuguse. Usichume hata jani mpaka uzae." Mwaka uliofuata, wakati wa mvua, tumbo lilimmaliza. Mti ukabaki, na amri ikabaki.

Aluoch aliishika amri ile kwa mikono miwili. Kila msimu wa mvua aliongeza udongo na mbolea pipani, akilirundikia shina kama mtu anayemfunika mtoto blanketi. Mti ukanenepa, ukarefuka, ukatoa miiba mirefu kuliko vidole vyangu. Kuzaa haukuzaa.

Hapo ndipo mti ulipomshika. Derrick, mwanawe, alimpatia nyumba ya kuhamia mtaani Kawangware, kituo cha 46, yenye dirisha na kiwanja cha kuanikia nguo. Chumba cha Aluoch hakina dirisha. Hewa yote inapitia mlango ule ule ulioliwa na mti, na jua likiwaka mabati hupika kila kilicho chini yake, yeye akiwemo. Derrick akaja na mkokoteni na wanaume wawili wenye vifua. Walilikumbatia pipa, wakavuta. Pipa halikutikisika. Kumbe lilipasuka chini zamani, mizizi ikaingia ardhini na kupita chini ya ukuta.

"Mathe, hii mti haitoki," Derrick akasema. "Tuikate, twende."

"Basi na mimi sitoki."

"Imekushika mateka, unajua?"

"Ni baba yako aliniachia."

Derrick akaondoka na mkokoteni mtupu. Mimi nilikasirika kwa niaba yake. Nilimwambia Aluoch kwamba hata jela kuna mlango unaofunguka wote. Yeye akaendelea kuosha vyombo.

Sasa mjue kwamba mwanamke huyu si mjinga wa ndimu. Tuna kikundi chetu, watu wa Kibera na Kawangware wanaokuza ndimu kwenye ndoo na mikebe. Jumapili baada ya kanisa tunakutana nyuma ya karakana ya Shivachi, fundi seremala wa Kawangware 46. Hapo tunalinganisha. Kuna ndimu ya majani mawili mawili, moja juu ya lingine, ambayo hupandwa kwa harufu tu. Kuna inayokuwa na rangi ya chungwa ndani na kumenyeka kwa vidole, mgeni akaiita chenza mpaka aionje. Kuna isiyo na mbegu. Sheria yetu ni kwamba matunda na majani huchanganywa mezani, kisha wote tunafungwa leso machoni, hata wenye matunda, isipokuwa Shivachi anayegawa. Jani linafikichwa na kupitishwa puani, kipande cha tunda kinapitishwa ulimini, na kila mtu anataja ni ndimu gani. Aluoch hakosei. Shivachi alikuwa akisema tukibishana tuulize pua ya Mama Derrick, tuende nyumbani.

Lakini mganga hajigangi. Jani la mti wake mwenyewe hakuwahi kulifikicha. Nadhani Shivachi aliitazama ile miiba siku moja alipokuja kusalimia, akashuku, akanyamaza kwa heshima ya marehemu. Alisema tu, "Mti wa kupachikwa huwa hauchelewi hivi." Aluoch akamjibu kwamba ni kivuli cha ukuta.

Kisha mwaka huu mti ukatoa maua. Ploti nzima ilinukia, hata mtaro ukasahaulika kwa siku chache. Aluoch aliyalinda matunda kama mayai. Hakuonja. Alitaka ndimu ya Osewe itajwe jina mbele ya watu. Akamwomba Mukai, mama wa mtaa wa Olympic anayekuza ndimu kwenye roshani, alete ndimu tamu yake ya kweli ili zilinganishwe.

Jumapili hiyo alivaa gauni la harusi za watu. Tukafungwa leso. Majani yakapita. Aluoch akanusa, akasema, "Hii ni tamu. Ni ya Mukai, nimejua kwa mafuta yake." Akapewa jingine. Akanusa mara moja, akalamba kipande, akatema.

"Hii ni limau ya kienyeji," akasema. "Ya mizizi tu. Nani ametuletea hii? Hamna haya, siku ya leo?"

Nilivuta leso yangu chini, nikaona Shivachi ameshika kisahani cha vipande. Aluoch akaifungua leso yake mwenyewe, akaliona tunda lake limekatwa katikati, mbegu zimejaa. Halafu akakunja leso vizuri, akaiweka mezani, akaniomba twende nyumbani.

Kesho yake Shivachi alikuja Lindi na mwiko wa mjengo. Aliingia kwa ubavu kama sisi wote, akapiga magoti kando ya pipa na kuanza kuondoa ule udongo wa miaka. Alishuka taratibu mpaka kwenye shina la zamani. Pale tukakiona kigutu, kirefu kama kucha, kikavu.

"Kijiti kilikufa," nikasema. "Na limau ikachipuka chini yake. Ulikuwa unaifunika na udongo, hungeweza kuona."

Shivachi akatikisa kichwa. "Angalia hapa, mama. Hii haikuoza yenyewe."

Kigutu kilikuwa kimekatwa kwa kisu, mshazari, safi, na juu yake kulikuwa na nta ya mshumaa iliyoshika udongo. Mtu aliona kijiti kimekufa, akakikata, akaziba kidonda, akaacha limau likue. Mtu huyo ni nani, kama si aliyekataza watu wasiguse?

Osewe alijua. Alijua wakati bado yuko hai, akamwacha mke wake angojee ndimu ambayo haikuwepo. Nilimkasirikia marehemu waziwazi, Mungu anisamehe. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya Osewe ilikuwa ndefu, na ilipita mlangoni kwetu kila asubuhi ikitupasulia nguo.

"Amekufunga hapa bure," nikamwambia Aluoch. "Pigia Derrick simu. Leo."

Aluoch alikuwa amekaa kitandani, anatutazama kupitia matawi. Machozi yalikuwa yakimtoka lakini sauti yake ilikuwa ya kawaida.

"Alikuwa mgonjwa, Mama Bridgit. Na mimi nilikuwa naimba kila siku juu ya hiyo mti. Angeniambia nini?"

"Ukweli."

"Labda alikuwa anataka kuweka kijiti kingine akipona. Hakupona."

Kisha akainama chini ya kitanda, akatoa kitu kilichofungwa kwa gazeti bichi. Kilikuwa kijiti cha ndimu tamu. Alikuwa amemwomba Mukai Jumapili ile ile, wakati mimi nikitafuta viatu vyangu nilivyovivua chini ya meza.

Shivachi akamwonyesha tawi la nyuma, lile linaloegemea ukuta. Aluoch akakataa, akasema huko hakuna jua. Akachagua tawi lililovuka mlango, lile lile ambalo Derrick alitaka kulikata kwanza. Alilichanja mwenyewe, mkono wake ukiwa imara kabisa, akapachika kijiti, akafunga kwa nailoni na kuziba kwa nta.

"Na Derrick?" nikauliza. "Nyumba haiwezi kukungojea milele."

"Osewe alisema itakuwa tamu," akasema. "Sitaki abaki mwongo."

Shivachi akachukua mwiko wake, akatoka. Nami nikageuka ubavu nitoke. Nilikuwa nimeshika tawi lile nilisogeze kidogo, kama nilivyozoea.

"Wacha hiyo," Aluoch akaniambia kutoka ndani. "Mtu asiguse, hata jani, mpaka izae."