Siku Baba Alipowapikia Wageni wa Semina

Baada ya mkutano mkubwa wa wanawake wa dunia uliofanyika Uchina, semina za haki za wanawake zilifika hadi kwetu Songea. Mama yangu, aliyekuwa akishona nguo kwenye kibaraza cha duka mtaa wa Majengo, alialikwa kwenye mojawapo, katika ukumbi wa parokia.

Siku ya pili mwezeshaji, mama wa Kizungu mpole, aliuliza kupitia mkalimani ni nani mumewe hupika nyumbani. Hakuna mkono ulioinuka. Mama anasema aliona aibu kwa niaba ya Songea yote, akanyoosha mkono. Mwezeshaji alifurahi, akasema kesho mchana watakwenda kumwona huyo mwanaume.

Baba alikuwa amepunguzwa kazi kwenye ghala la mazao. Alishinda nyumbani kwetu, mtaa wa Lizaboni, akitengeneza redio isiyo na ubovu wowote, na hakuwahi hata kuchemsha maji. Mama alipomweleza, alifikiri kidogo, akauliza kama wageni watapiga picha. Alipoambiwa watapiga, akanituma nimnyooshee shati la kanisani.

Asubuhi nilimfundisha kusonga ugali. Aliniambia ameshaelewa kabla sijafika kwenye unga.

Wageni walipofika walimkuta jikoni na shati jeupe, tai, na khanga ya mama kiunoni. Majirani walijaa uani. Baba akamwaga unga wote kwa mkupuo, akaanza kusonga. Sufuria ikazunguka pamoja na mwiko, naye akazunguka nayo, mpaka nikaenda kuishika. Mgeni wa Kizungu akauliza kwa nini mtoto anaingilia.

"Kwetu kazi hii tunashirikiana," baba akasema, jasho likimtiririka.

Wakampigia makofi.

Mgeni alikula. Alipokutana na donge la unga mkavu, aliuliza kwa adabu ni kitu gani.

"Mwambie ndivyo wanaume tunavyopika," baba akamjibu mkalimani. Mkalimani akatafsiri bila kucheka, mgeni akaandika kwenye daftari lake.

Tangu siku hiyo hatukupumua. Baba aliitwa semina nyingine mbili kutoa ushuhuda, akarudi na fulana na maoni. Alimwambia mama kwamba ugali wake una maji mengi, akamfukuza jikoni kila Jumapili. Mama hakubisha. Alikaa uani na rafiki zake, miguu ameinyoosha, akinywa chai aliyopelekewa na mumewe. Jirani mmoja aliyemcheka sana baba alianza kuja kuulizia, kwa sauti ya chini, maji yachemke kiasi gani.

Uongo ule ulimsumbua mama hata hivyo. Kabla ya Pasaka alikwenda kuungama. Padre alimsikiliza, akamuuliza kama mumewe bado anapika. Mama akasema bado, na hana dalili ya kuacha.

Padre akamuuliza kama ugali wenyewe unalika.

"Siku hizi unalika, Padre," mama akasema.

Akamwambia aende kwa amani.