Daktari wa Ukoo na Penseli Yake

Wagonjwa humwita Daktari wa Ukoo, kwa sababu hakutibu kabla hajakuchora wewe na jamaa zako wote: wanaume miraba, wanawake maduara. Hutumia penseli tu, na kifutio chake kimelika kikabaki kama punje ya hindi, maana hajaona familia iliyokumbuka watu wake wote kwa mara moja. Kila mstari ukiisha huuliza, kwa sauti ileile ya chini, "Na mwingine?"

Leo mama wa mtoto mwenye selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi unaoumiza mifupa, ameinamisha kichwa, na mama mkwe wake anafoka: "Kwetu damu safi! Ugonjwa kaja nao huyu." Daktari habishani. Anatia kivuli nusu ya duara la mama, kisha nusu ya mraba wa baba. "Majibu ya damu ya mwanao haya hapa, bibi: naye kaubeba bila kuugua, kama mkewe. Mtoto kapata kwa wote wawili. Haya, ndugu zako?" Bibi anataja watano.

"Na mwingine?"

"Basi."

"Na mwingine?"

Bibi anavua miwani, anaifuta muda mrefu. "Alikuwepo kitinda mimba wetu. Mifupa ikimuuma, analia mpaka sauti inakauka. Tukasema karogwa."

Daktari anachonga penseli. "Wa kike au wa kiume?"

"Wa kike," bibi anajibu, akinyoosha mkono. "Lete, nimchore mwenyewe."